Samaki Apimwe, Jina Liandikwe

Tarehe 9 Julai 1988, katika mto wetu mkuu karibu na Kinshasa, Raymond Houtmans alivua mbenga wa kilo 44. Uzito huo uliingizwa katika orodha ya rekodi za dunia inayotunzwa na Chama cha Kimataifa cha Uvuvi wa Mchezo, IGFA, na zaidi ya miaka 30 baadaye jina la mto Kongo lilikuwa bado limekaa pale pale. Ni rekodi ya samaki wa kwetu, kutoka maji ya kwetu. Lakini mtoto wa shule wa Katuba au Ruashi akitaka kuona ushahidi wa jambo hilo, ataelekezwa Florida, Marekani, yaliko makao ya chama hicho. Sifa ni yetu, karatasi ni yao.

Wako watakaouliza gazeti la Lubumbashi linatafuta nini katika mambo ya uvuvi wa mchezo. Bahari yetu, ule ukanda mfupi wa Muanda na Banana usiofika kilomita 50, iko zaidi ya kilomita 2,000 kutoka hapa kwa barabara. Samaki wa chumvi tunayemjua ni tomsoni aliyegandishwa anayeingia kwa lori kupitia Kasumbalesa, na makayabo anayelowekwa usiku kucha ili chumvi imtoke. Mtu wa mji huu hasafiri kwenda kushindana na sulisuli. Anakwenda soko la Kenya, humu humu mjini, na pesa zilizohesabiwa, akanunue kinachotosha sufuria. Tunalijua hilo, na ndiyo sababu tunaandika. Tunaloliandikia ni mizani na daftari, pamoja na wajibu wa wale wanaolipwa mshahara wa umma kusema kwamba kitu hiki kina uzito huu, kimetoka mahali hapa, na kimeletwa na fulani. Penye bahari watu walijifunza wajibu huo kupitia samaki wakubwa wa mchezo. Sisi hatujaanza.

Tuanze na historia, maana ina somo. Mwaka 1898 wavuvi wa starehe katika kisiwa cha Santa Catalina, California, waliunda klabu ya jodari, kwa sababu kila mtu alikuwa anavua apendavyo na kujisifu apendavyo. Baada ya hapo kila nchi ikawa na kanuni zake, na rekodi ya huku haikuwa rekodi kule. Tarehe 7 Juni 1939, katika Jumba la Makumbusho ya Historia ya Asili mjini New York, tajiri Michael Lerner na wenzake waliunda IGFA, na mwanasayansi wa jumba hilo, William King Gregory, akawa rais wake wa kwanza. Zingatia mahali. Hawakukutana hotelini wala bandarini, walikutana makumbusho. Ernest Hemingway, aliyevua katika bahari ya Malindi mwaka 1934 akitoka kuwinda bara, alikuwa baadaye mmoja wa makamu wa rais wa chama hicho. Wanaume wale walipenda kujisifu kama mvuvi mwingine yeyote, lakini walikubali kwamba sifa isimamiwe na watu wanaojua mifupa na mizani. Hadi mwaka 1978 chama kilikuwa kinaandika samaki wa baharini tu. Mwaka huo kikapokea na orodha ya maji baridi kutoka jarida moja la Kimarekani. Ndiyo njia iliyomwezesha mbenga wa Kinshasa kuingia.

Sasa tazama wanachodai. Samaki apimwe nchi kavu, kwa sababu chombo kinachoyumba hakitoi uzito wa kweli. Mizani iwe imekaguliwa na mamlaka inayotambulika katika miezi 12 iliyopita. Kitambaa au kamba iliyomshika samaki ipimwe peke yake, uzito wake utolewe. Apigwe picha mzima, kutoka mdomo hadi mkia, na zipigwe picha nyingine za fimbo ya kuvulia, za mizani yenyewe, na za mvuvi akiwa na samaki wake. Kipande cha uzi uliotumika kitumwe kikapimwe nguvu. Mashahidi watie saini. Kwa aliye nje ya Marekani, karatasi zifike ndani ya siku 90. Hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuigusa fimbo tangu samaki aliponasa. Na kuvunja rekodi ya samaki wa uzito kama ule wa mbenga, haitoshi kumzidi kwa gramu moja. Lazima umzidi kwa nusu ya asilimia moja. Atakayetaka kumwondoa mbenga wa 1988 lazima alete mwenye kilo 44.22.

Kuna kanuni moja ndogo tungependa ibandikwe ukutani katika kila soko la mji huu. Sindano ya mizani ikisimama kati ya alama mbili, unaandika ile ya chini. Hukadirii, wala husemi "tuseme ni kilo tano." Mama yeyote aliyenunua samaki wa rejareja hapa Lubumbashi anajua sindano ikisimama katikati huwa inasomwa upande gani, na kwa faida ya nani.

Ukali huo una gharama, na waliouweka wameilipa. Mwezi Juni 2023, katika mashindano ya Big Rock huko North Carolina, chombo kiitwacho Sensation kilileta marlini wa pauni 619.4, yaani kama kilo 281. Zawadi iliyokuwa inawangoja ilikuwa karibu dola milioni 3.5. Waamuzi wakamkagua samaki, wakakuta ameng'atwa na papa kabla ya kutolewa majini, na kanuni inakataa samaki aliyejeruhiwa hivyo, kwa kuwa huenda hakupigana kwa nguvu zake zote. Walimkataa. Watu walilia, walishtaki, waliandika magazetini, uamuzi ulibaki. Sisi tunaona waamuzi wale walifanya kazi yao. Kanuni inayolegezwa kwa kuwa pesa ni nyingi haitafaa hata pesa zikiwa kidogo.

Mwaka uliotangulia, Septemba 2022, kando ya ziwa Erie mjini Cleveland, mkuu wa mashindano mengine alishika samaki walioletwa na washindi wawili akaona uzito wao hauendani na umbo. Akawapasua mbele ya umati. Ndani mlikuwa na vipande vya risasi, pamoja na minofu ya samaki wengine iliyosokomezwa tumboni. Wale wawili walikiri mahakamani mwaka 2023, wakafungwa siku kumi na kupoteza chombo chao. Yule mkuu wa mashindano hakuwa na mashine yoyote ya ajabu. Alikuwa na kisu, na hakuogopa kukitumia hadharani. Kwetu pia tunazijua hila za uzito: barafu inayouzwa kwa bei ya samaki, jiwe lililofungwa chini ya sahani ya mizani, katoni ambayo maandishi yake hayalingani na kilichomo. Tofauti ni kwamba hapa anayepaswa kushika kisu mara nyingi anapita kukusanya matabishi, akishapata anaendelea na safari.

Kwa hiyo tunasema kwa jina la ofisi. OCC, Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, ina idara ya vipimo na maabara, na imo humu mjini. Kukagua mizani ni kazi iliyoundiwa. Mizani ya soko, ya ghala la samaki, ya kituo cha kushushia mzigo Kasenga au Kilwa, yote iko ndani ya wajibu wa umma. Mfanyabiashara aliyekaguliwa apewe karatasi yenye tarehe, na karatasi hiyo ibandikwe mnunuzi aione. Kama hilo haliwezekani kwa samaki aitwaye pale na kwa tomsoni wa kila siku, basi tusijidanganye kwamba siku moja litawezekana kwa rekodi ya dunia.

Lakini mtu anaweza kusema: vizuri, mizani ya soko ina maana, ni chakula cha watu. Rekodi za samaki wakubwa zinamsaidia nani, zaidi ya tajiri mwenye fimbo ya bei mbaya?

Jibu linatoka kwenye picha za zamani. Huko Key West, Florida, wageni waliokwenda kuvua baharini walikuwa na desturi, chombo kikirudi, ya kuwatundika samaki wao kwenye mbao za bandarini na kupigwa picha pamoja nao. Mbao hizo zilikaa pale pale kwa miaka mingi. Mtafiti Loren McClenachan alizikusanya picha hizo tangu mwaka 1956 hadi 2007, akapima samaki mmoja mmoja kwa kulinganisha na ubao. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2009. Samaki wa wastani wa miaka ya 1950 alikuwa na uzito wa karibu kilo 20. Mwaka 2007 alikuwa kilo 2.3. Na watu katika picha wanacheka vile vile, mwanzo hadi mwisho. Bei ya safari haikushuka kwa sababu samaki wamekuwa wadogo. Kila kizazi kiliona samaki wa siku yake ndiye mkubwa, kwa sababu hakikumwona wa jana. Picha za majivuno, zilizopigwa bila wazo lolote la sayansi, ndizo zilizokuja kutoa ushahidi mbele ya dunia nzima kwamba bahari ile ilikuwa imekwisha kukombwa.

Sisi wa Katanga tulikuwa na picha ya namna hiyo tungeweza kuipiga, na hatukuipiga. Katika Luapula kulikuwa na mpumbu. Kila mwaka mvua zilipoanza, mpumbu alipanda mto kwa makundi kwenda kutaga, na watu wa kando zote mbili, yetu na ya Zambia, walimngoja kama mavuno. Elisabethville, kama mji huu ulivyoitwa zamani, ilipokua na migodi ikahitaji posho ya wafanyakazi, wafanyabiashara Wagiriki waliokaa Kasenga walinunua samaki wa mto Luapula na ziwa Moero na kuwaleta mjini kwa barafu na malori. Nyavu ziliongezeka, na zilitegwa pale pale samaki alipokuwa anapita na mayai. Miaka michache baada ya Vita ya Pili ya Dunia makundi ya mpumbu yalikuwa yameporomoka. Wazee wa Kasenga wanaweza kukuambia mpumbu wa zamani alikuwa mkubwa kiasi gani, nao hufungua mikono yao. Mikono ya mzee ni ushahidi wa heshima, lakini haina tarehe wala kilo, na haipelekwi kwenye meza ya waziri. Mji huu ulimla samaki yule hadi akaisha na hatukubakiza hata karatasi moja ya umma ya kumwambia mjukuu: huyu ndiye alikuwa mkubwa kuliko wote, alipimwa hapa, siku fulani.

Hiyo ndiyo maana ya rekodi. Samaki mkubwa kabisa wa aina yake ni alama ya juu ya maji, kama ile inayobaki ukutani mafuriko yakishapungua: inaonyesha maji yalifika wapi. Ukiwa nayo unaweza kuuliza kwa nini hayafiki tena. Bila hiyo kila afisa anaweza kusema ziwa liko vile vile lilivyokuwa daima, na hakuna wa kumkosoa.

Wavuvi wa Lualaba na wa Upemba watakuambia wameona mbenga aliyemzidi yule wa 1988. Inawezekana kabisa. Georges Boulenger, aliyempa mbenga jina lake la kisayansi mwaka 1898, alimwita goliath baada ya kuona mizoga iliyofika Ulaya kwenye chupa na mapipa. Samaki huyo yumo katika maji yetu ya juu hadi ziwa Tanganyika. Lakini aliyeonekana hakupimwa, na asiyepimwa hayumo. Ziwa lile lile la Tanganyika, ambalo upande wetu lina Kalemie na Moba, limo katika orodha ya dunia kwa samaki aliyevuliwa mwaka 1987, na kando yake pameandikwa Zambia. Maji hayana mpaka na samaki hana pasipoti. Tofauti ni kwamba upande ule palikuwa na mtu, mizani, na fomu.

Hapa tuna neno pia kwa hao wa baharini, maana wajibu wao hawakuutimiza wote. Orodha ya rekodi inayochapishwa humtaja aliyeshika fimbo, mahali na tarehe. Katika pwani ya Kenya, Malindi, Watamu na Shimoni, ambako klabu za uvuvi wa mchezo zimekuwepo kwa miongo mingi na wageni huja wakati wa kaskazi kutafuta marlini na sulisuli, mgeni huketi kwenye kiti kilichofungwa sakafuni na kukunja uzi. Aliyejua pa kwenda asubuhi ile ni nahodha. Aliyeona ndege wanavyozunguka, aliyechagua chambo, aliyegeuza chombo kwa wakati samaki alipopiga mbizi kuelekea chini, aliyeshika uzi wa mwisho kwa mikono na kumvuta hadi ubavuni, huyo mara nyingi ni mtoto wa pwani hiyo hiyo. Fomu ya maombi inamtaka nahodha atie saini. Orodha inayosomwa na dunia inamsahau. Nani kasema mshahara wa siku ndiyo heshima yote anayostahili? Nchi itakayoanzisha daftari lake isirudie kosa hilo: jina la nahodha na la msaidizi wake yaandikwe mstari mmoja na la mvuvi, kwa herufi za ukubwa ule ule.

Na kuna kundi kubwa zaidi linaloachwa nje kabisa. Kanuni za mchezo zinadai fimbo na gurudumu la kukunjia uzi. Mshipi wa mkono haukubaliki, wavu haukubaliki. Kwa mchezo ni sawa, kila mchezo una mipaka yake. Lakini wavuvi wetu, wa Moero, Tanganyika au Banana, karibu wote ni watu wa mshipi, nyavu na migono. Tukinakili kanuni za Florida neno kwa neno tutapata daftari la watalii. Samaki mkubwa wa maji yetu atakuja sokoni juu ya baiskeli, atakatwa vipande saa nne asubuhi, na daftari letu halitakuwa na habari naye.

Ushahidi kwamba inawezekana kufanya vinginevyo unatoka kwa ndugu zetu wa Komoro. Mwaka 1938, Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer alimwona katika rundo la samaki wa meli ya uvuvi samaki ambaye wataalamu waliamini alitoweka pamoja na dinosaria. Profesa J.L.B. Smith alimtambua, lakini viungo vya ndani vilikuwa vimekwisha kuharibika; alihitaji wa pili. Akachapisha tangazo lenye picha ya samaki na ahadi ya zawadi ya pauni 100, likasambazwa pwani ya Afrika mashariki na visiwani. Ilichukua miaka 14. Desemba 1952, katika kisiwa cha Nzwani, mvuvi Ahamadi Abdallah alimvua kwa mshipi wa mkono samaki ambaye Wakomoro walikuwa wakimjua siku zote na kumwita gombessa. Akampeleka sokoni Domoni kumuuza. Mwalimu wa shule, Affane Mohamed, alikuwa pale, alikuwa ameliona lile tangazo, akamzuia asimkate. Samaki akabebwa kuvuka milima ya kisiwa hadi Mutsamudu kwa Eric Hunt, mfanyabiashara mwenye jahazi, naye akamtumia Smith simu ya maandishi. Waziri mkuu wa Afrika Kusini, D.F. Malan, alitoa ndege ya jeshi kwenda kumchukua.

Tunaikumbuka hadithi hiyo mara nyingi kwa ajili ya samaki. Tuisome kwa ajili ya watu. Mvuvi masikini aliahidiwa kitu cha maana na jina lake likabaki katika vitabu. Tangazo lilifika hadi soko la kisiwa kidogo. Na mwalimu aliyesoma karatasi iliyobandikwa ukutani aliona ni kazi yake kumwambia mwenzake "ngoja." Ndege ya waziri mkuu ilikuja mwisho. Kilichookoa kila kitu ni lile neno la mwalimu katikati ya soko, visu vikiwa tayari vimetolewa.

Hatuna haja ya ndege. Tunataka serikali ya jimbo la Haut-Katanga ianzishe daftari la samaki wakubwa wa maji yetu, kila aina kwa jina lake la Kiswahili, la Kibemba au la Kiluba na lile la kisayansi. Lishikwe na Chuo Kikuu cha Lubumbashi, chenye kitivo cha kilimo na cha tiba ya mifugo, maana chuo kinadumu kuliko baraza la mawaziri. Nakala yake iwekwe katika Jumba la Makumbusho la mji, mahali mwananchi anaweza kuingia na kusoma. Liwe na sehemu ya fimbo kwa kanuni za dunia, na sehemu ya mshipi na nyavu kwa kanuni zetu, zenye ukali ule ule wa mizani na mashahidi. Kwa samaki anayestahili kurudishwa majini pawe na kipimo cha urefu: IGFA yenyewe tangu mwaka 2011 inaandika rekodi za urefu, samaki akipimwa juu ya ubao wenye alama na kuachiwa aende. Na mvuvi wa kawaida aliyesubirisha samaki wake apimwe alipwe bei ya soko papo hapo, asipoteze siku yake kwa ajili ya sifa isiyoliwa.

Serikali kuu nayo isijifiche nyuma ya jimbo. Uvuvi katika nchi hii umeendeshwa kwa miongo mingi kwa dekreti ya tarehe 21 Aprili 1937, iliyoandikwa na mkoloni kwa ajili ya koloni. Muanda tunayo Hifadhi ya Bahari ya Mikoko tangu mwaka 1992, na katika mdomo wa mto ule wanaingia taponi, samaki ambaye rekodi yake ya dunia, karibu kilo 130, ilitoka mwaka 2003 Guinea-Bissau, pwani ya Afrika kama yetu. Atakapotoka mkubwa zaidi Banana, afisa wa pale awe tayari anayo mizani yenye karatasi ya ukaguzi. Asianze siku hiyo kuuliza ofisi gani inahusika.

Tunaogopa jambo moja, na tunalisema mapema. Katika nchi hii kila cheti huzaa ada, ada huzaa kizuizi barabarani, na kizuizi huzaa mtu mwenye kofia anayeuliza karatasi ya karatasi. Daftari la samaki lisije likawa sababu mpya ya kumsimamisha mvuvi njiani kati ya Kasenga na mji. Kupima kuwe bure. Afisa atakayedai kitu ili aandike uzito wa kweli, au atakayepokea kitu ili aandike wa uongo, afukuzwe kazi, na jina lake liandikwe katika daftari hilo hilo kwenye ukurasa wa nyuma. Tunajua hukumu hiyo ni kali. Waamuzi wa Big Rock walifuta mamilioni kwa ajili ya jeraha la meno ya papa. Sisi hatuwezi kushindwa kumfukuza karani.

Wengine watasema nchi ina vita mashariki, barabara mbovu, walimu wasiolipwa, na huu si wakati wa samaki. Hoja hiyo imetumika kuahirisha kila kazi ndogo ya serikali hii, na kazi kubwa pia hazikufanyika. Mizani moja nzuri haigharimu hata safari moja ya ujumbe wa jimbo kwenda Kinshasa.

Kila mwaka uvuvi wa Moero na Luapula hufungwa tarehe 1 Desemba, kwa kupatana na Zambia, na hufunguliwa Machi ikianza. Amri ya kufunga huwa inaandikwa, inasainiwa na kufika hadi kijiji cha mwisho kandoni mwa ziwa; kumbe ofisi zetu zinaweza zikitaka. Miezi mitatu hiyo inatosha kununua mizani ya Kasenga, Kilwa na Pweto, kuikagua, kumfundisha mtu mmoja kila kituo namna ya kuisoma, na kuchapisha tangazo lenye picha za samaki likabandikwe sokoni na shuleni. Tarehe 1 Machi mitumbwi ya kwanza ikirudi, tutamtuma mwandishi wetu Kasenga, aje atuambie kama mizani ipo na nani ameisimamia.